Damu Iliyowapima Ng'ombe wa Guyo

Siku mliponiaga kwa soda na biskuti, mmoja wenu alitaka nitaje ugonjwa ulionitisha kuliko yote katika miaka yangu ya maabara. Nilimjibu kwamba kilichonitisha ni kuona tyubu zote zimefanana. Mlicheka, mkadhani mzee anawachangamsha kabla ya kuondoka. Sikuwa na nia hiyo hata kidogo. Sasa nimestaafu, muda ninao, na kwa kuwa swali lilitoka kwenu, mvumilie na jibu lake.

Kwanza mnijue vizuri. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Kwetu Kau, mto ukipanda kidogo tu nilikuwa wa kwanza kuuliza kama tutahama, na mama alizoea kunijibu, "Yona, mto huo ulikuwapo kabla yako. Nenda kalale." Wasiwasi huo umenisumbua katika mengi, ndoa ikiwemo, na mke wangu akisoma haya atakubali kwa kichwa. Lakini kazini ulinifaa. Mtu asiyejishuku hafai kupewa pipeti.

Niliajiriwa Garsen katika miaka ya hamsini, serikali ilipoweka kituo kidogo cha kupima mifugo karibu na kivuko. Sababu ilikuwa homa ya mapafu ya ng'ombe, iliyotembea na mifugo ya Waorma kutoka malisho hata malisho. Kabla ya hapo damu ya ng'ombe ilipelekwa Nairobi, ikafika imeoza au isifike kabisa, basi wakubwa wakaamua maabara iifuate damu huku iliko. Iliyokuja ilikuwa nusu ya maabara: chumba cha mabati, friji la mafuta ya taa, mashine ya kuzungusha damu kwa mkono, beseni la maji ya uvuguvugu lililopashwa kwa stovu, na kipimajoto kimoja tu. Kikivunjika hicho, kazi nzima ingesimama. Nilikiogopa hata nikiwa nyumbani nakula.

Mwalimu wangu aliitwa Mwakio, Mtaita mfupi mwenye maneno machache, aliyekwisha kuifanya kazi hiyo miaka mingi katika maabara kubwa. Siku ya kwanza alinipa tyubu chafu na ndoo ya maji. Nilizisugua kwa sabuni mpaka zikang'aa, nikampelekea nikingoja sifa. Akainua moja, akainusa, akazirudisha zote ndani ya ndoo.

"Uchafu umetoka," akasema. "Sasa zioshe mpaka sabuni itoke."

"Imetoka, Bwana Mwakio."

"Kwa macho yako imetoka. Chembe za damu zitaikuta, zitapasuka, nawe utaniambia ng'ombe ni mzima. Atarudi kundini na kuwaua wenzake. Kwa sabuni yako."

Nilirudi kwenye ndoo. Sikumbuki ni siku ngapi nilizoosha tyubu kabla hajanipa kazi nyingine, lakini mpaka leo nyumbani kwangu naambiwa namaliza maji ya kuoshea vikombe.

Nyuma ya chumba palikuwa na banda la simbilisi, wale wanyama wadogo wanene wasio na mkia. Watu wa kwetu walidhani ni panya wa serikali, wakaniuliza kwa adabu kama Mzungu huwala. Kila asubuhi, wakisikia hatua zangu, walipiga kelele kwa pamoja wakidai majani mabichi. Hao ndio waliokiendesha kituo kuliko mtu yeyote aliyeajiriwa pale, maana damu yao ndiyo iliyotupa komplementi. Ninyi leo mnaipata imekaushwa kichupani, mnatia maji, mnaendelea kuzungumza habari za mpira. Sisi tuliitoa kwa mnyama asubuhi na kushindana na jua.

Jambo hilo Mwakio alinifafanulia akiwa ameketi juu ya debe, anamenya muwa. Komplementi si kitu kimoja. Ni protini kadhaa zinazoelea katika damu ya kila mnyama, na ya binadamu vilevile, zimelala, hazimgusi mtu. Kijidudu kikiingia, mwili hutengeneza kingamwili, nazo hukishika. Kushika ndiyo kazi yao, kuua haziwezi. Ila kule kushika ndiko kunakoiamsha protini ya kwanza ya komplementi. Ya kwanza huiamsha ya nne, ya nne huungana na ya pili, hizo mbili zikishikana huiamsha ya tatu, na hapo ukuta wa kijidudu hutoboka.

"Ni kama watu wanaopokezana udongo wakikandika nyumba," alisema. "Mmoja akitoka kwenye mstari, nyumba haikandikwi, hata waliobaki wawe majabari."

Nilimuuliza kwa nini ya nne inaifuata ya kwanza. Alitafuna muwa wake kwanza.

"Wataalamu walizipa namba kabla ya kujua nani anasimama nyuma ya nani. Walipojua, vitabu vilikuwa vimeshachapwa."

Najua kwamba ile ya tatu iligunduliwa baadaye kuwa ukoo mzima, na orodha mnayofundishwa ninyi inazidi tisa. Sisi tulikuwa na nne, na nne zilitosha kunikosesha usingizi, kwa sababu ya kwanza na ya pili hazivumilii joto. Na Garsen, mnaijua wenyewe, kitu inachompa mgeni bila kuombwa ni joto. Seramu ya simbilisi, yale maji yanayobaki juu damu ikiganda, ikisahauliwa mezani asubuhi, jioni ilikuwa maji ya manjano tu.

Kipimo chenyewe kilikuwa mtego. Tulichukua seramu ya ng'ombe, tukaipasha moto ili komplementi yake mwenyewe ife. Tukaichanganya na vijidudu vya homa ya mapafu vilivyochemshwa, tukaongeza tone la seramu ya simbilisi, tukaiweka kwenye beseni. Baadaye tukatia chembe nyekundu za kondoo, zilizokwisha kupakwa kingamwili za sungura zinazozichukia. Ng'ombe akiwa na ugonjwa, kingamwili zake zilikuwa zimevishika vile vijidudu na komplementi yote imetumika hapo. Chembe za kondoo hazikukuta wa kuzipasua, zikashuka chini ya tyubu zikawa kitone chekundu. Ng'ombe akiwa mzima, komplementi ilikuwa haijapata kazi, ikazivamia chembe za kondoo, na tyubu nzima ikawa nyekundu angavu ya kupitisha nuru. Kitone ni ugonjwa, wekundu angavu ni uzima.

Sasa fikirini komplementi iwe imekufa kabla ya kutiwa. Hakuna chembe itakayopasuka popote. Kila tyubu itakuwa na kitone, na kila ng'ombe atasomwa kuwa mgonjwa, hata ndama aliyezaliwa juzi. Ndiyo maana tuliweka pembeni tyubu moja isiyo na seramu ya ng'ombe yeyote, tuliyoiita shahidi. Shahidi lazima awe mwekundu angavu. Shahidi akiwa na kitone, hakuna kilichopimwa. Huo ndio ugonjwa wangu mliouuliza.

Mwaka mmoja mto ulipanda mpaka ukasahau njia yake. Barabara ya Malindi ikakatika, lori la barafu na vifaa likakwama huko, na wafugaji wakaleta makundi yao kwenye mwinuko wa ardhi karibu na kituo kwa sababu kwingine kote kulikuwa maji. Kulikuwa na makundi mengi mahali padogo, yanapumuliana usoni. Kwa homa ya mapafu hakuna karamu iliyo bora kuliko hiyo. Nilianza kukosa hamu ya chakula kabla hata ng'ombe mmoja hajakohoa.

Aliyekohoa kwanza alikuwa fahali wa Guyo. Guyo alikuwa Mworma wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini, mtu ambaye mpaka siku hizo sikuwa nimemwona ameketi. Fahali alikufa, na daktari wa mifugo, Mzungu kijana aliyekuwa mkubwa wetu, akampasua kifua mbele ya watu wote. Pafu moja lilikuwa gumu kama ini, na kifua kimejaa majimaji ya manjano. Wafugaji wengine walilitazama lile pafu, kisha wakamtazama Guyo, kisha kila mmoja akaanza kusogeza ng'ombe wake, ingawa pa kusogea hapakuwapo.

Lazima niseme jambo moja kuhusu mimi na Guyo. Kiangazi kilichotangulia, ng'ombe wake waliingia katika mpunga wa mjomba wangu kando ya mto, wakaumaliza. Kesi ilifika kwa chifu na Guyo akashindwa. Tangu hapo hakulitamka jina langu. Akinitaka aliniita Mpokomo, jina la kabila langu, na hakunitaka mara nyingi.

Amri iliyokuwapo ilikuwa rahisi kuielewa. Kundi likithibitika kuwa na homa hiyo, waliopatikana na ugonjwa kwenye kipimo huuawa, wazima hubaki karantini mpaka wapimwe tena. Kundi lisipoweza kupimwa, huku mifugo ya wengine iko karibu namna ile, huuawa lote. Kwa hiyo kundi la Guyo lilitegemea kipimo, na kipimo kilitegemea simbilisi. Tulitoa damu kwa ng'ombe wote, tukawapaka namba ubavuni, tukapanga kuanza kazi asubuhi inayofuata.

Asubuhi hiyo nilipolikaribia banda sikusikia kelele. Nilisimama. Nilijua kabla ya kuona, na bado nilijidanganya kwamba labda wamelala. Siafu, waliokimbilia mwinuko kama sisi sote, walikuwa wamelivamia. Miguu ya banda ilikuwa imewekwa ndani ya makopo ya mafuta ya taa kuwazuia, lakini mlinzi wetu wa usiku, kwa huruma yake, alikuwa ameleta mzigo wa majani mabichi na kuuegemeza kwenye banda ili wanyama wasingoje sana asubuhi. Siafu walipanda kwa majani. Hakubaki simbilisi hata mmoja. Mlinzi alilia, nami nikaenda kufungua friji.

Ndani ya friji palikuwa na chupa moja ya seramu ya simbilisi iliyokuwa imekaa siku kadhaa. Mwakio aliitazama bila matumaini.

"Tuijaribu," akasema, "ili tusiseme hatukujaribu."

Tulipima kundi zima kwa chupa hiyo. Nilizitoa tyubu kwenye beseni, nikazipanga mbele ya dirisha. Kitone. Kitone. Kitone. Mstari mzima, kitone. Nikamtafuta shahidi mwishoni, naye alikuwa na kitone chake kizuri cha mviringo, kana kwamba anajivunia.

Daktari alikuja akazitazama. Hakuwa mjinga wala mtu mbaya. Alimtazama shahidi kwanza kama inavyotakiwa, akavua kofia.

"Hii si jibu," alisema kwa Kiswahili chake.

"Si jibu, Bwana Daktari," Mwakio akakubali.

"Lakini pafu nimeona. Ugonjwa iko. Mimi naweza kungoja mpaka kesho jioni. Baada ya hapo, kundi lote."

Akatoka nje. Kupitia mlango nilimwona Guyo amesimama kwenye jua, anatutazama. Alikuwa na wake na watoto na mama mzee chini ya vibanda vya mikeka, na hawakuwa na shamba wala duka wala mtumbwi. Walikuwa na wale ng'ombe tu. Nikaona aibu kwamba hofu yangu, kwa sura, ni kubwa kuliko yake.

Mwakio aliiweka ile chupa kando. Kisha akakunja mkono wa shati.

"Nani alisema simbilisi peke yao ndio wana komplementi?" akaniuliza. "Nilikueleza juu ya debe. Au ulikuwa unatazama muwa?"

"Damu ya mtu?"

"Ina shida zake. Binadamu ana kingamwili za asili dhidi ya chembe za kondoo, itabidi tuziondoe kwanza kwenye baridi. Wengine komplementi yao ni nyingi, wengine kidogo. Lakini ipo. Nitoe damu mimi kwanza."

Nilimtoa, tukaijaribu kwenye chembe za kondoo. Zilipasuka kivivu, nusu nusu. Mwakio alikuwa ametoka tu kwenye malaria, na macho yake yalikuwa bado ya manjano. "Malaria imeitumia yangu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekuta ghala limeliwa na panya. Akanitoa mimi. Yangu ilizipasua zote, na tyubu ikawa nyekundu angavu. Sikuwahi kufurahia kuwa na damu kiasi kile.

"Nenda kamwambie mwenye ng'ombe," Mwakio akasema. "Asisikie kwa watu."

Nilimkuta Guyo kwenye kundi lake. Vijana wake walikuwa wanafunga mikeka na vibuyu, na nilielewa mara moja kwamba wanajiandaa kuhama giza likiingia. Wangepita wapi na maji yale sijui, lakini Mworma akiamua kuhamisha ng'ombe hupata njia. Wangeupanda mto mpaka Nanighi na mbele zaidi, na ugonjwa ungekwenda nao kwa kila kundi njiani. Daktari alikuwa na askari wachache na wote waliogopa maji.

Nilimweleza tulivyopanga. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Damu ya nani?" akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Yangu."

"Damu yako nataka kuhukumu ng'ombe yangu?"

"Haihukumu, Bwana Guyo. Inatusaidia kuona tu."

"Ng'ombe hii alikula mpunga ya mjomba yako. Wewe na yeye damu moja. Itasema yote mgonjwa."

"Damu haina habari za mpunga."

"Wewe ndiyo nasema." Akageukia vijana wake, akawaambia neno kwa Kiorma, nao wakaongeza kasi ya kufunga mizigo.

Nilisimama pale nikiwa sijui la kufanya. Ningeweza kukimbilia kwa daktari, naye angetuma askari, na labda mtu angekufa kabla ya ng'ombe. Nadhani hofu ilionekana usoni mwangu, maana Guyo aligeuka tena, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu ile kesi. Akaivuta shuka yake, akaunyoosha mkono.

"Kama ni damu ya mtu tu, chukua hii."

Hapa ndipo nilipopata wasiwasi mpya juu ya ule wa zamani. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo na kwenda zangu. Lakini niliona anachofikiri.

"Nitachukua," nikamwambia. "Ila sikiliza. Damu haijui ng'ombe ni wa nani. Yako itasema kile kile ambacho yangu ingesema."

"Yangu inajua." Alisema kwa upole, kama anamfundisha mtoto. "Mimi nazaliwa, mama yangu anakufa. Huyu mzee unaona ni mama ya baba yangu. Mimi nakunywa maziwa ya hii ng'ombe. Mama yake, bibi yake, bibi ya bibi yake. Hii nyama yote ya mwili, wao ndiyo najenga. Damu yangu itajua wao."

Nikampeleka kituoni. Njiani nilimtangulia ili nimwambie Mwakio, naye akakuna kidevu.

"Anadhani damu yake itawatetea."

"Nimemwambia haitawatetea."

"Amekusikia?"

"Amenisikia. Hajakubali."

Daktari alipoelezwa alisema damu ni damu, mradi shahidi awe safi, na akaenda kuwaambia askari wakae mbali na kundi. Mwakio alimkalisha Guyo juu ya lile debe, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona ameketi. Nilimfunga mkono, nikatafuta mshipa, nikamwomba Mungu wetu sote asinifedheheshe. Damu ilikuja kwa wepesi. Hakuitazama sindano, alinitazama mimi.

Kazi ikaanza. Tuliiacha damu igande, nikazungusha mashine mpaka bega likauma. Seramu tukaichanganya na chembe za kondoo ndani ya friji, kwenye baridi ambako komplementi haiamki, ili chembe hizo zizivute zile kingamwili za asili, kisha tukaziondoa. Kila baada ya muda nilifungua mlango wa friji kidogo kuona kama baridi bado imo, mpaka Mwakio akaniambia nikiufungua tena atanifunga mimi ndani. Nilikuwa nahesabu yote yanayoweza kuharibika. Huenda Guyo naye ana malaria asiyoijua. Huenda njaa ya mafuriko imeipunguza. Ya pili ikifa peke yake, nyingine tatu ni watazamaji.

Tulimjaribu shahidi kwanza, pamoja na seramu ya ng'ombe tuliyemjua kuwa mgonjwa na ya mwingine tuliyemjua kuwa mzima, zilizokuwa akiba yetu. Shahidi alikuwa mwekundu angavu. Mgonjwa alikuwa na kitone. Mzima alikuwa angavu. Mwakio aliniachia nafasi kwenye meza, na kwake hiyo ilikuwa hotuba. Tukaweka kundi zima kwenye beseni, mimi nikashika kipimajoto.

Guyo alisimama mlangoni muda wote huo. Mwishowe akauliza, "Sasa ndani damu nafanya nini?"

Nilijaribu. Nilimwambia ndani ya damu yake kuna vitu vinne vilivyolala, na kwamba cha kwanza kinakiamsha kinachofuata, mpaka cha mwisho.

"Naamshana kwa jina?"

"Kwa kushikana."

Akatikisa kichwa polepole. "Ng'ombe naamka kwa jina," akasema, nadhani akiona njia yetu ni ya watu wasiostaarabika.

Wakati ulipotimia nilizitoa tyubu, nikazipanga dirishani. Nilifumba macho kwanza, na siwafichi, kwa sababu mmenifanyia mzaha wa kutosha kuhusu wasiwasi wangu. Nilipofumbua, hazikufanana. Nyingi zilikuwa nyekundu angavu, nuru ya alasiri inapita ndani. Chache, huku na huko, zilikuwa na kitone chini. Kundi la Guyo lilikuwa limepona, karibu lote.

Daktari alizisoma, Mwakio akazisoma, wakakubaliana. Amri ya kuua kundi haikutiwa sahihi. Wenye kitone wangeuawa, waliobaki wangekaa pale pale na kutolewa damu tena baadaye. Daktari alimwambia Guyo hayo kwa furaha ya kweli, akampa mkono. Guyo aliupokea mkono lakini macho yake yalikuwa dirishani.

"Nionyeshe," akaniambia.

Nilimwonyesha tyubu moja moja, nikitaja namba iliyopakwa ubavuni, naye akitaja jina. Kwa kila iliyo angavu alitamka jina la ng'ombe kwa sauti ya chini. Tulipofika kwenye kitone cha kwanza alikubali, maana yule alikuwa ameanza kukohoa. Cha pili na cha tatu pia alikubali. Kisha nikafika kwenye tyubu moja, nikasoma namba yake, na hakutaja jina. Aliichukua mkononi, jambo ambalo hakuna mgeni aliyeruhusiwa kulifanya, na Mwakio hakumzuia. Aliinua kwenye nuru.

"Ndani ya hii ni damu yangu?"

"Ni yako."

"Si yako, Yona? Kweli kabisa?"

"Kweli kabisa. Yangu tuliimwaga."

"Huyu ni Magala," akasema. "Bibi ya bibi yake ndiyo alininyonyesha."

Ningeweza kumwambia kwamba nilimwonya, na ingekuwa kweli, na isingemsaidia mtu. Nikamwambia tu kwamba naumia. Alinirudishia tyubu kwa uangalifu, akiishika wima, asiimwage, akatoka nje.

Nilimfuata. Wafugaji wote walikuwa wamesimama wakingoja, na vijana wake walikuwa bado na kamba mikononi, wakimtazama usoni wajue kama ni kuhama au kukaa. Guyo aliwapita. Alisimama kando ya kundi, akaita jina la Magala mara moja, bila kupaza sauti. Ng'ombe mmoja wa rangi ya hudhurungi akainua kichwa katikati ya wenzake, akaja mpaka kwake, akamnusa mkono pale tulipomchoma. Guyo alimfunga kamba mwenyewe, akamwongoza hadi kwenye zizi la daktari, la ng'ombe wa kuuawa, mbele ya macho ya watu wote. Walipoona hivyo, vijana wake wakaanza kufungua mizigo.

Nilitembea kando yake kwa sababu sikujua nisimame wapi. Tulipokaribia zizi akasimama.

"Yona," akaniambia, bila hasira yoyote, "kama ingekuwa damu yako, leo ningekuua."

Nilimwamini. Kisha akanipa kamba nimshikie, maana mikono yake ilikuwa inatetemeka na hakutaka Magala aione.